Komeo la Ndani

Barua ya posa ya Salima ililala siku tisa chini ya godoro la bibi yake. Kila asubuhi Adija, mama wa binti, alipoingia kumtandikia mama mkwe wake, aliliinua godoro upande wa miguuni tu, kama mtu asiyejua kilichopo upande wa kichwani. Ilikuwa barua nzuri, bahasha ya maua imefungwa ndani ya leso nyeupe. Wazee wawili waliileta kutoka Mitole, kanzu zao zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Bi Batuli aliwapokea barazani, na barazani wakaishia. Maji waliletewa kwa vikombe vya plastiki, na kabatini mna bilauri kumi na mbili ambazo hata siku ya Idi hutoka sita.

"Tumesikia," aliwaambia. "Jibu mtaletewa."

Basi, tangu hapo kimya. Nao watu wa Kivinje wana utaratibu wao: barua ya posa hujibiwa ndani ya wiki mbili, na wiki mbili zikipita bila jibu, aliyeposa anajua amekataliwa, anatafuta kwingine, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Bi Batuli aliujua utaratibu huo kuliko mtu yeyote mtaani. Hakutaka kusema hapana, maana ukisema hapana utaulizwa kwa nini. Alitaka siku zimsemee.

Na kwa nini yenyewe ilikuwa moja. Ibrahimu, aliyeposa, alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, anaswali, hanywi, ana ekari zake za ufuta na mashine ya kukamulia mafuta aliyoinunua kwa jasho lake. Salima, aliyekuwa akiuza dawa kwenye duka moja mjini Masoko, alikuwa amempenda mwaka wa tatu sasa, tangu siku Ibrahimu alipofika dukani na mguu uliovimba akaomba dawa ya mguu wa punda, kwa kuona haya kusema ni wake. Kosa la kijana lilikuwa anakaa shamba, huko Mitole, na mke atakayemwoa atakaa shamba.

"Sisi ni watu wa mjini," Bi Batuli alikuwa akisema, na sauti yake ilipofika kwenye neno mjini ilikuwa inakaa sawasawa, kama mtu anayerekebisha ushungi. "Tangu bibi yangu. Bibi yangu alikaa nyumba kubwa ya Mwarabu, pale karibu na boma. Hakushika jembe. Nyumba hii haina jembe mpaka leo, nendeni mkatafute."

Ni kweli, jembe halikuwamo. Nyasi za uani zilifyekwa na mtu wa kuitwa.

Adija aliyasikia maneno hayo miaka thelathini. Yeye mwenyewe alitoka Kilangala, kwa wakulima, na siku alipoletwa bibi harusi katika nyumba hii alikuta beseni la maji mlangoni. Bi Batuli alimwambia, bila ukali wowote, aoshe kwanza miguu, udongo mwekundu hautoki kwenye mkeka. Adija alikuwa na cheti cha ualimu kwenye mkoba, na aliinama akaosha. Hakulisahau beseni lile. Lakini pia hakusahau kwamba miaka kumi na mbili baadaye, alipokuwa akisomea shahada yake nyumbani na watoto watatu mgongoni, ni Bi Batuli huyo huyo aliyepika, aliyeogesha watoto, aliyekaa barazani na kuwarudisha wageni kwa kusema mwalimu anasoma, njooni kesho. Moyo wa Adija kwa mama mkwe wake ulikuwa na vyumba viwili hivyo, na alishazoea kupita kutoka kimoja kwenda kingine mara kadhaa kwa siku.

Mumewe, Abilahi, fundi cherehani, mtu mwema asiyeweza kumkatalia mama yake hata kikombe cha pili cha chai, aliahidi kuzungumza naye. Aliahidi Jumatatu, aliahidi Jumatano. Kila akitaka kuanza, kuna mteja anamngoja.

"Zimebaki siku tano, mama," Salima alimwambia Adija jikoni, huku akikuna nazi. "Wale hawatarudi. Na mimi kutoroka siwezi. Nataka bibi anitoe kwa mkono wake."

Hilo ndilo lililomuuma Adija. Angekuwa binti wa kugombana, mambo yangekuwa rahisi. Lakini Salima na bibi yake walikuwa watani tangu utotoni, wanaitana mke mwenzangu, wanasengenyana mbele ya Abilahi. Wiki hiyo binti alimsuka bibi yake nywele kama kila wiki, mafuta ya nazi, mistari sita, na safari hii hakumtania hata neno moja. Bi Batuli alijipapasa kichwa kwa vidole, akasema zimekaza. Salima akasema atazilegeza.

*

Jumamosi alasiri Adija alikaa ukumbini na ungo wa mchele magotini na daftari la masomo kwenye kigoda. Kidato cha sita walikuwa na mtihani wiki ijayo, naye alikuwa na desturi ya kuyapitia masomo yake kwa sauti na kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu akili yake ilipenda hivyo, pili kwa sababu ya Bi Batuli. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, televisheni aliona ukungu tu, na masomo ya Adija ndiyo yaliyokuwa tamthilia yake. Alishapita Mapinduzi ya Ufaransa yote, akamchukia yule malkia. Vita vya dunia alivikataa, akasema watu hawana akili.

"Leo wapi?" aliuliza, akinyoosha miguu mkekani.

"Marekani, mama. Watumwa. Tofauti ya maisha ya mjini na ya mashambani."

Bi Batuli akaikunja miguu aliyokuwa ameinyoosha. Kabla Adija hajafungua ukurasa, hodi ikabishwa.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mweusi wa kung'aa, kapu kichwani na ndala zilizojaa vumbi jekundu. Alijitaja bila kuulizwa. Ni Biasha, bibi yake Ibrahimu, wa Mitole. Akaongeza haraka kwamba hakuja kwa ajili ya barua, maana anajua upande wa mume haufuatilii barua. Alikuja mjini kununua chumvi, akaona si adabu kupita bila kusalimia.

Kutoka Mitole mpaka Kivinje kufuata chumvi. Adija aliyabana meno asicheke.

Bi Batuli aliunyoosha mkono wake, kiganja chini, kama anavyofanya siku zote, ili mgeni aubusu. Biasha aliushika akautikisa mara mbili, kiume kabisa, akasema assalaamu alaykum. Bi Batuli akaitikia. Kisha, na hapo Adija alitamani ardhi ipasuke, akasema:

"Adija, mletee mgeni maji ya miguu. Mkeka huu mpya."

Adija alilileta beseni. Halikuwa lile la zamani, lile lilishatoboka, lakini aliliweka palepale mlangoni. Alitaka kusema pole na hakuona pa kuliweka neno. Biasha alilitua kapu, akavua ndala, akatia mguu wa kwanza.

"Na sabuni, mwanangu, kama ipo," alisema. "Kama ni kuosha tuoshe."

Akaosha polepole, vidole na visigino, akajifuta kwa upindo wa kanga, akapanda mkekani akakaa kana kwamba amekaribishwa na mfalme. Kapuni mlikuwa na ufuta, mihogo na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kuku huyo ndiye peke yake aliyelalamika. Biasha aliliona daftari, akauliza linasomwa nini, Adija akamweleza kwa aibu, akijuta somo lenyewe.

"Endelea basi, mwalimu. Nimechoka, nitapumzika nikisikiliza."

Adija alimtazama mama mkwe. Bi Batuli alikuwa anatazama ukuta. Akasoma.

Alisoma kwamba katika mji wa Charleston bwana aliweza kumkodisha mtumwa wake kwa watu wengine, na mtumwa huyo alivaa kibati cha shaba chenye namba na kazi yake, mchukuzi au fundi au mtumishi, na mshahara akampelekea bwana. Wengine walikaa kwenye vyumba vyao mbali na bwana, walikwenda sokoni, walivaa vizuri, walijifunza kusoma kwa kujificha. Wengine, wa ndani ya nyumba, walikuwa chini ya macho ya mke wa bwana saa zote. Kisha akasoma ya shamba: kuamshwa kwa pembe kabla ya jua, pamba, makundi kwa mistari, msimamizi na mjeledi nyuma. Jua likizama walirudi kwenye vibanda vyao, na baadhi walikuwa na vijishamba vyao vya kulima siku ya mapumziko.

"Wa mjini afadhali," Bi Batuli akasema.

"Afadhali kwa nani?" Biasha akauliza.

"Kwa yeyote. Mtu anavaa, anatembea, anajua watu. Yule wa shamba atajua nini? Jembe na mjeledi."

Biasha akasema yule wa shamba ana kibanda. Bi Batuli akasema kibanda hata kuku anacho. Biasha akasema kuku wa bwana, ndiyo, ila yule wa shamba alikuwa na kuku wake mwenyewe, mwalimu si amesoma? Adija hakuwa amesoma habari ya kuku, ila hakuna aliyemuuliza. Wakaendelea hivyo robo saa nzima, bibi wawili wa Kilwa, wanagombea Wamarekani waliokufa zamani, mmoja ana wake na mwingine ana wake. Wako huyo wa mjini, anasema huyu. Wako huyo wa shamba, anajibu yule. Adija aliusahau mchele.

"Mimi bibi yangu alikuwa mtumwa wa shamba," Biasha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kijiji anachotoka. "Hukohuko kwetu. Mtama wa Mwarabu. Siku tano za kumlimia yeye, Alhamisi na Ijumaa za bibi yangu. Alipigwa, sikatai. Mgongo wake nilikuwa nausugua mimi nikiwa mdogo, najua ulivyokuwa. Lakini jioni alikuwa anaingia kwenye kibanda chake cha miti na udongo, anafunga mlango. Alikuwa akituambia, nikishafunga, mle ndani hakuna wa kunituma."

"Na wangu alivaa kanga mpya kila Idi," Bi Batuli akadakia. "Alikula wali. Alipika halua watu wakaja kuuliza nani kaipika. Alitumwa sokoni peke yake, bila mtu wa kumfuata, akipita mtaani anaitwa kwa jina. Akipelekwa kutwanga nyumba za watu, ujira wake anauleta mwenyewe mkononi, nusu anapewa yeye. Nusu, unasikia? Wa shamba alipewa nusu ya nini?"

Adija aliangalia daftari lake. Habari ya halua haikuwamo. Nusu haikuwamo. Miaka thelathini katika nyumba hii aliambiwa kwamba bibi huyo alikaa kwa Mwarabu, na hakuna siku aliyoambiwa alikaa kama nani. Mtaa mzima ulijua, bila shaka, na mtaa mzima ulinyamaza kwa adabu. Bi Batuli mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, na mkono wake ulikuwa unalitafuta neno lile hewani ulirudishe.

Biasha hakucheka. Alisogea kidogo mkekani.

"Alilala wapi, dada?" akauliza.

Yule kuku akajipigapiga kapuni akatulia.

"Mlangoni," Bi Batuli akasema. "Kwenye mkeka, nje ya mlango wa chumba cha bibi yake, mke wa Mwarabu, kichwa kwenye kizingiti. Ili akiitwa asikie. Alikuja kuwa huru, akaolewa, akazaa, akazeeka humu ndani. Marehemu baba alimnunulia kitanda. Hakukilalia. Kila asubuhi mimi, mtoto wa miaka minane, nikitoka kwenda kuchota maji namkuta chini, mlangoni kwangu, namruka. Namruka nakwenda zangu. Nilikuwa namwonea haya, Biasha. Namwonea haya mpaka leo."

Akalia. Adija hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe, na hakujua afanye nini na mikono yake. Biasha alijua. Aliivuta miguu ya Bi Batuli mapajani mwake akaanza kuikanda, taratibu, kama wanavyokandana mabibi wanaofahamiana, na hakusema neno lolote la hekima. Alisema tu kwamba miguu hii imevimba, apunguze chumvi.

"Wewe si ndiye uliyekuja kuinunua," Bi Batuli akasema kati ya machozi.

"Nitakununulia kidogo."

Ndipo Bi Batuli akajifuta uso, akageukia Adija, na sauti yake ikarudi kuwa ya mwenye nyumba. "Mgeni hajapewa maji mpaka saa hizi. Toa bilauri."

*

Jumapili asubuhi aliitoa ile barua chini ya godoro na kumtaka Salima amsomee. Binti akaisoma posa yake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baba na mama, akikwama kila penye jina lake. Kisha akaambiwa achukue kalamu aandike jibu.

"Andika tumekubali," Bi Batuli akasema. Salima akaacha kuandika, akaangusha kichwa magotini kwa bibi yake, akasukumwa. "Andika, mke mwenzangu, usinilowanishe. Mkaja wa mama, mama atasema. Kilemba cha baba, baba atasema kama ana mdomo. Bibi anataka mlango."

"Mlango gani?" Abilahi akauliza.

"Wa chumba cha Salima. Wa mbao ya mninga, si bati, si pazia. Komeo liwe la ndani. Nje lisiwe na kitu, hata kitasa cha kufungia sitaki."

Abilahi alisema, kwa upole wake, kwamba jambo hilo halijasikika, kwamba watu huomba kanga, huomba kitanda, na barua itasomwa mbele ya wazee, watatucheka.

"Wacheke."

Adija alikuwa na hakika mama mkwe wake angebadili mawazo kabla ya jibu kupelekwa. Badala yake alimtaka amsindikize dukani kwa Qutbuddin, muuza vyuma. Mlango watatoa wao, alisema, komeo natoa mimi. Qutbuddin, mtu wa heshima ambaye Bi Batuli alimjua tangu yuko kaptula, alimwamkia shikamoo, akamtolea komeo zuri la nje lenye tundu la kufuli, akamweleza kwamba shamba kuna wezi wa ufuta, hili ndilo la usalama. Bi Batuli alilirudisha. Akaomba ya ndani, akayapapasa moja moja kwa vidole, akiyasukuma na kuyarudisha, kaunta nzima imejaa makomeo na wateja wanangoja, mpaka akalipata moja la shaba, zito, linaloteleza bila kelele.

"Hili," akasema. Qutbuddin akauliza ni la chumba cha nani. "La mtu," akajibiwa.

*

Walikwenda Mitole wiki moja kabla ya harusi kupeleka vyombo na kutandika chumba, kama inavyofanywa, Adija na Abilahi na Salima na Bi Batuli aliyekaa kiti cha mbele cha gari la kukodi na mkono wake juu ya mkoba. Alikuwa na miaka sabini na minane na hakuwahi kukanyaga huko. Njia nzima aliuliza tumefika wapi, na kila akijibiwa alisema mbona mbali.

Ibrahimu alisimama mbele ya nyumba yake mpya na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, hajui mikono aiweke wapi. Kando yake alisimama Biasha. Na mlangoni, juu ya kigoda safi, palikuwa na beseni la maji na kipande cha sabuni.

"Karibu, dada," Biasha akasema. "Vumbi la barabarani. Nyumba mpya hii."

Abilahi alishtuka. Salima alimshika mama yake mkono. Adija, Mungu amsamehe, alijisikia kama mtu aliyelipwa kitu alichokwishasahau kukidai. Bi Batuli alilitazama beseni kwa macho yake ya ukungu, akalitambua ni nini, na kifua chake kikaanza kutikisika. Walidhani analia tena. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akamwegemea Biasha, akanyanyua mguu mmoja kisha wa pili, akaoshwa na Adija huku mwoshaji na mwoshwa wote wanacheka.

Chumba kilikuwa na kitanda kipya, neti, na dirisha linaloangalia ufuta. Mlango ulikuwa wa mninga kweli, mwekundu, Ibrahimu ameuranda mwenyewe akautia mafuta. Lile komeo la shaba lilikuwa mahali pake. Bi Batuli aliingia, akapapasa mbao kwa viganja vyote viwili, juu mpaka chini, akapapasa na upande wa nje kuhakikisha hapana kitu. Kisha akawaambia watoke.

"Sote?" Salima akauliza.

"Nyote."

Wakatoka. Mlango ukafungwa, wakasikia komeo likiteleza. Likarudishwa. Likateleza tena, na safari hii likakaa.

Nje wali ulishapakuliwa, kuku yuko juu yake, na wazee wa Mitole wamekwishanawa mikono wanasubiri. Ikapita robo saa. Abilahi akaenda akagonga kwa kidole kimoja.

"Mama? Chakula tayari. Watu wanakungoja."

Akagonga tena, akaita tena, sasa na wasiwasi, akamtazama mkewe. Adija akasogea akaweka sikio kwenye mbao. Alisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejigeuza kutafuta upande mzuri.

"Nani anaita?" sauti ya Bi Batuli ikatoka ndani.

"Ni sisi, mama. Unaitwa kula."

"Nasikia mnaniita," Bi Batuli akasema. "Nimelala kitandani. Nitakuja nikitaka."

Abilahi akafungua mdomo aseme wazee wanasubiri. Adija akamshika kiwiko, akamgeuza, wakaenda kula.